Sema Lolote, Bi Mwanahija

Kazi ya Bi Mwanahija kwenye televisheni ilidumu majuma kumi na moja tu, vipindi sita kwa jumla, na katika vipindi vyote hivyo sauti yake mwenyewe ilisikika mara moja. Hiyo mara moja ndiyo iliyoharibu. Waswahili waliokuwapo Guangzhou mwaka ule wa tisini na tisa bado wanaisimulia, na kila mmoja anatia chumvi yake. Mmoja atakuambia bibi wa watu alizimia. Mwingine atakuapia kwamba Maulid alitoka mgahawani mbio, viatu mkononi. Uongo mtupu. Hakuna aliyezimia, na viatu vya Maulid vilikuwa miguuni mwake muda wote.

Bi Mwanahija alikuwa mjane wa miaka arobaini na saba, mzaliwa wa Unguja, mkaazi wa Kariakoo, mfanyabiashara wa nguo za watoto. Kilichomponza ni uso. Alikuwa na uso mpana, mzito, nyusi zimekaribia kukutana, na mdomo ambao hata ukinyamaza unaonekana una jambo. Siku moja mwezi wa tatu alikuwa ghorofa ya tatu ya jengo moja la maduka ya jumla, barabara ya Guangyuan Xilu, anagombea bei ya magauni ya sikukuu. Mwenye duka, laoban kama wanavyoitwa kule, alikuwa amekwisha kumkatalia mara nne. "Mei you," anasema, bei hiyo hakuna. Bi Mwanahija hakubishana. Alikaa juu ya robota la nguo, akavua kiatu kimoja, akaanza kujikanda kisigino taratibu huku akimtazama yule bwana jinsi mama anavyomtazama mtoto aliyemwaga maziwa. Zilipita dakika tano. Laoban akaangua kicheko, akampa bei aliyoitaka.

Nyuma yake walikuwa wamesimama Tom na mwanamke mmoja mwembamba aliyeshika daftari. Tom alikuwa Mchina, mtu mzima wa miaka arobaini na ushei, mwalimu wa Kiingereza aliyeacha ualimu akawa mkalimani wa wanunuzi wageni. Jina la Tom alijipa mwenyewe, maana lake la asili wateja walikuwa wakilivunja vunja.

"Madam," Tom akamwambia kwa Kiingereza chake cha darasani, "dada huyu anatoka televisheni. Anauliza kama unaweza kufanya hivyo ulivyofanya mbele ya kamera."

"Kukaa na kujikanda mguu?"

"Hasa."

Ilikuwa tamthilia ya kila juma, juu ya mzee mmoja anayeitwa Liang, mwenye duka la nguo mtaa wa Shisanhang, pamoja na watoto wake, wakwe zake na ugomvi wao. Walikuwa wakipiga picha juma hili, juma linalofuata inaonyeshwa. Sasa walitaka mnunuzi mgeni, mwanamke mkali, mteja wa mzee Liang wa miaka mingi. Bi Mwanahija akasema Kichina chake ni cha sokoni, hakivuki bei na rangi. Tom akamwondoa wasiwasi. Wageni wote wanaoigiza kule, alisema, wanahesabu tu: moja, mbili, tatu, mpaka ishirini, mradi mdomo unakwenda. Sauti inafutwa. Msichana mmoja yuko studio, kazi yake ni kutia maneno ya Kichina juu ya midomo ya watu.

"Sema lolote, Madam. Hakuna atakayesikia."

Kuhesabu hakuhesabu. Aliona ni kujishushia heshima, mtu mzima ahesabu kama mtoto wa chekechea. Kipindi cha kwanza alieleza namna ya kupika pweza wa nazi, tangu kumponda mpaka kumwepua, na alieleza kwa hasira kwa kuwa aliambiwa akasirike. Kipindi cha pili alimtukana fundi cherehani mmoja wa Kariakoo aliyemwibia kitambaa mwaka themanini na saba, akamtukana yeye na cherehani yake. Mkurugenzi alipiga makofi. Alisema hajapata kuona mgeni mwenye uso unaosema kiasi kile.

Jioni kilipoonyeshwa kipindi cha kwanza, Waswahili wote walikuwa kwenye mgahawa wa Waislamu wa Kichina nyuma ya hoteli yao. Ndiko walikokula siku zote, kwa sababu nyama yake ni halali na mama mwenye mgahawa hana maneno mengi. Televisheni ilikaa juu ya friji. Bi Mwanahija akatokea, amekalia robota, kiatu mkononi, na watu wakapiga kelele za shangwe. Kisha akafungua mdomo, kikatoka kisauti chembamba cha msichana wa miaka kumi na tisa.

"Shoga yangu!" akalia Swalha, mwenzake wa chumba kutoka Unguja. "Umemeza filimbi?"

Eliudi, mfanyabiashara wa redio kutoka Mwanza, alicheka mpaka supu ikampalia. Bi Mwanahija naye alicheka, akajifunika uso kwa mtandio. Maulid, aliyekaa upande wake wa kulia, alicheka kidogo tu. Alimwinamia akamwambia kwa sauti ya chini, "Mimi, shemeji, naipenda ile sauti yako ya siku zote." Akarudi kwenye tambi zake, hajui alichokifanya.

Maneno hayo Bi Mwanahija alilala nayo na kuamka nayo siku nne nzima.

Maana ukweli ni huu, na afadhali usemwe mapema: Bi Mwanahija alimpenda Maulid. Alimpenda vibaya sana, kwa mapenzi ya mtu mzima anayejua hesabu za dunia na bado moyo haumsikii. Maulid alikuwa rafiki wa kufa na kuzikana wa marehemu mumewe, Haroun. Haroun alipofariki mwaka tisini na tatu, Maulid ndiye aliyemshika mkono mjane, akamwambia, "Shemeji, usikae ndani ukalia. Biashara ya mumeo ipo, njoo nikuonyeshe njia." Alimpeleka Bangkok, akampeleka Hong Kong, na walipofungua macho wakajikuta Guangzhou. Miaka sita wanasafiri njia moja. Hajawahi kumgusa hata ncha ya mtandio. Hajawahi kumwita kwa jina. Ni shemeji asubuhi, shemeji jioni, na yeye Bi Mwanahija anamwita shemeji vilevile. Neno hilo lilisimama katikati yao, na wote wawili walilitunza.

Asubuhi Maulid alikuwa na desturi ya kumgongea mlango kabla ya kwenda sokoni. "Shemeji, umeamkaje?" Hapo ndipo siku ya Bi Mwanahija ilipoanza. Aliamka saa nzima kabla, akasali, akavaa buibui, akakaa ukingoni mwa kitanda mikono mapajani, akisubiri mgongo wa kidole cha Maulid kwenye ubao. Swalha alikuwa akimtazama kwa jicho moja kutoka chini ya shuka. Mwanamke mwenzake, aliona.

Sasa utauliza, kama hivyo ndivyo, si Maulid angemwoa tu? Mwanamume Mwislamu, ana mke mmoja, ana uwezo. Hapo ndipo penye mwiba. Mke wa Maulid, Chausiku, alikuwa shoga wa Bi Mwanahija. Chausiku ndiye aliyewalea watoto wa Bi Mwanahija kila mama yao aliposafiri, akawapeleka shule na kuwatibu malaria. Siku moja wanachambua mchele uani, miaka miwili nyuma, Chausiku alisema bila kuinua macho kwenye ungo: "Mwanahija, mke mwenza yeyote nitamuweza, ila wewe. Wewe ukiwa mke mwenza wangu, mimi nitakwenda kumlalamikia nani?" Akacheka. Bi Mwanahija akacheka pia, akazidi kutoa chuya, na tangu siku ile akaufunga mdomo wake kwa kufuli.

Kufuli lilishika miaka miwili. Mwezi wa tano ikaja simu mapokezi ya hoteli. Chausiku amepata kiharusi. Upande mmoja haufanyi kazi, na maneno yanatoka kwa shida.

Ulikuwa msimu wa mvua, ule ambao kuta za Guangzhou zinatoka jasho na nguo hazikauki. Maulid alikaa kwenye ngazi za hoteli na tiketi ya ndege mkononi, shati limemshika mgongoni. "Shemeji, nakwenda moja kwa moja," alisema. "Sirudi tena huku. Mzigo uliobaki atanisafirishia Eliudi. Nitafungua duka dogo nyumbani, nimuuguze mwenzangu."

"Ndivyo inavyotakiwa," Bi Mwanahija akajibu. Alisema hivyo kwa moyo wote, na moyo huohuo ulikuwa unavuja.

Alikuwa amebakiza majuma mawili ya kuonana naye, maana ndege yenye nafasi ilikuwa mbali hivyo. Katika majuma hayo hayo tamthilia nayo ikafikia mwisho wa Mama Mnunuzi, kama alivyoitwa Bi Mwanahija mle. Mzee Liang anafunga duka baada ya miaka thelathini, mteja wake wa ng'ambo anakuja kumuaga, na hiyo ndiyo mara ya mwisho atakapoonekana. Walipiga picha Shisanhang kwenyewe, asubuhi, mbele ya mlango wa duka la kukodi, njia bado mbichi kwa mvua na wachukuzi wakipita na marobota kichwani. Mwigizaji wa mzee Liang alisimama ameshika mlango wa chuma nusu umeshushwa.

"Leo huzuni, Madam," Tom akamweleza. "Unamuaga. Hutamwona tena. Sema lolote."

Bi Mwanahija alikuwa amejitayarisha kueleza namna ya kutengeneza achari. Alimtazama yule mzee, mkono wake kwenye mlango, na achari yote ikamtoka. Alijua hakuna atakayesikia. Tangu azaliwe hajapata kupewa nafasi ya namna ile, kusema kwa sauti kubwa, mchana kweupe, mbele ya watu thelathini, jambo ambalo haliwezi kusemwa, na lisimfikie mtu. Basi akasema. Alisema yote, aliyoyaficha kwa mumewe marehemu akizuru kaburi, aliyomficha Chausiku, aliyomficha hata Mola wake kwenye dua. Alipomaliza, mkurugenzi alichelewa kutoa amri ya kukata. Mwigizaji wa mzee Liang alikuwa amegeuzia uso ukutani.

Akarudi hotelini mwepesi. Jioni alikula vizuri, akalala kama hajalala mwaka mzima. Alidhani amelitua.

Kipindi kilionyeshwa siku mbili kabla ya safari ya Maulid. Mgahawani palijaa, maana watu walikuwa wamekuja kumuaga Maulid na kumuaga Mama Mnunuzi kwa mpigo. Tom naye alikuja, jambo ambalo hakulizoea, akakaa meza ya mbele na tabasamu la mtu aliyeficha zawadi nyuma ya mgongo. Bi Mwanahija alikaa pale pale pake, Maulid kuliani. Swalha alikuwa keshaanza kuiga kile kisauti cha filimbi ili wapate kucheka.

Mlango wa chuma ukaonekana, nusu umeshushwa. Mama Mnunuzi akasimama mbele ya mzee Liang. Akafungua mdomo.

"Nenda basi," ikasema televisheni, kwa Kiswahili, kwa ile sauti nzito ya Bi Mwanahija ya siku zote. "Nenda. Mimi nina haki gani ya kukuzuia?"

Chini ya picha yalipita maandishi ya Kichina. Kicheko cha Swalha kilikatika njiani.

"Miaka sita nakuita shemeji, na kila nikikuita nalimeza jina lako. Unadhani sijui kubeba mkoba wangu? Najua. Nakupa wewe uubebe ili nitembee nyuma yako. Kile kifungo cha shati lako la bluu, nilikudanganya. Nilikuambia nimekinunua. Mji mzima unauza vifungo kwa gunia, mimi nikakikata kwenye mkono wa gauni langu, nipate kuwa na kitu changu karibu nawe."

Eliudi alikuwa ameinamia supu yake anaikagua.

"Ukishakwenda nani atanigongea mlango? Nani ataniuliza nimeamkaje? Nenda kamuuguze mwenzako. Namwombea apone, wallahi namwombea apone, kila sala. Lakini nimekuzoea, mwenzio. Nimekupenda. Haya, nimesema. Nenda."

Mlango wa chuma ukashuka mpaka chini. Muziki ukapigwa. Mama mwenye mgahawa, aliyesoma maandishi ya Kichina na kuona mteja akimshukuru mzee Liang kwa miaka yote ya uaminifu, alikuwa anajifuta machozi kwa aproni.

Bi Mwanahija hakuthubutu kugeuka kuliani. Aliona mkono wa Maulid tu juu ya meza, umeshika kijiko, na kijiko hakiendi popote.

Tom alisimama akapiga makofi peke yake. "Madam! Ni sauti yako! Mkurugenzi alisema yule msichana hawezi kuifikia, akaamuru iachwe vilevile. Haijapata kutokea kwa mgeni! Mimi nilijua tangu juzi, nikanyamaza ili ufurahi." Makofi yakapungua nguvu. Akatazama huku na huku. "Kwani... alisema nini?"

Swalha ndiye aliyejibu, na kwa hilo tu Mungu amlipe kheri. "Alimuaga mzee Liang," akasema kwa Kiingereza chake cha kubangaiza, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. "Ulitaka aseme nini tena? Anaigiza huyu. Anaigiza vizuri, basi."

Maulid alitua kijiko. Akasema, "Jamani, niwaage, nina mizigo ya kufunga." Akatoka, amevaa viatu vyake.

Asubuhi iliyofuata Bi Mwanahija aliamka mapema, akasali, akavaa buibui, akakaa ukingoni mwa kitanda. Alikaa mpaka wafagiaji wa hoteli wakamaliza ukumbi wote. Mlango haukugongwa. Swalha akamletea chai, akaiweka, ikapoa.

Siku ya safari alikwenda stesheni. Alitaka kusingizia kichwa, lakini Swalha akamwambia wazi, "Usipokwenda umekiri." Basi alivaa gauni lake zuri, la kijani, akavaa na buibui juu, wakaongozana na Eliudi aliyebeba mabegi mpaka stesheni ya mashariki, kwenye treni ya Hong Kong, ambako Maulid angepanda ndege. Palikuwa na watu wengi. Eliudi na Swalha wakajitia wanatafuta maji ya kununua, wakatafuta mbali sana.

Maulid alikuwa amevaa shati la bluu. Vifungo vyake vilikuwa vyeupe, vyote isipokuwa cha tatu kutoka juu, cha kahawia chenye mzingo mwembamba.

"Shemeji," akasema. Alikuwa anatazama ubao wa saa za treni. "Kile kipindi."

"Naam."

"Ulikuwa mchezo?"

Bi Mwanahija alimjua mtu huyu kwa miaka ishirini na mbili. Alijua akimwambia kweli hatafanya mzaha na kweli hiyo. Atafika nyumbani, atangoja kwa heshima miezi kadhaa, kisha atatuma wazee Unguja wakaongee na kaka zake, na hakuna shehe wala mtu atakayepata la kumlaumu. Na alitaka, ewe Mola, jinsi alivyotaka! Neno moja tu, na kule kugongewa mlango kungekuwa kwake mpaka kufa. Kisha akamwona Chausiku kitandani, nusu ya mdomo imekufa, anaambiwa habari hizo. Ana malalamiko kifua kizima na hana wa kumpelekea.

"Mchezo, shemeji," akasema. "Hukumwona mama wa mgahawa alivyolia? Nisingeshika jambo zito wangesema bibi huyu hawezi kazi. Nilichukua lililo karibu."

"Na kifungo?"

"Nilikinunua. Si nilikuambia siku ileile?"

Maulid aligeuka akamtazama. Ndipo Bi Mwanahija alipohisi hewa kwenye kiwiko cha mkono wa kushoto. Buibui lilikuwa limepanda, na mkono wa gauni la kijani umetoka nje: vifungo viwili vya kahawia vyenye mzingo, na chini yake nyuzi tupu. Aliushika kwa mkono wa kulia, akaufunika, akaung'ang'ania hivyo, kama mtu anayezuia damu. Maulid aliutazama ule mkono uliofunika. Alitazama muda mrefu kuliko mtu anavyotazama mkono.

"Umeigiza vizuri," akasema mwishowe. "Mimi niliamini kabisa."

"Mpe salamu Chausiku. Mwambie mwezi wa nane nakuja, nitamsuka."

"Nitamwambia." Akachukua begi. Alipita lango la tiketi, na upande wa pili akageuka. Hakupunga. Aliweka kiganja kifuani, juu ya kile kifungo, akakaa nacho hapo, kisha watu wakampita mbele na hakuonekana tena. Bi Mwanahija alikuwa bado ameshika mkono wake Swalha aliporudi na chupa ya maji.

Majuma mawili baadaye yule mwanamke mwembamba wa daftari akaja hotelini na Tom. Sauti ile imependwa, walisema. Watu wamepiga simu kuuliza ni lugha ya wapi. Sasa kuna tamthilia nyingine, kubwa zaidi, na wamemwandikia sehemu yake kabisa, mama anayemuaga mwanawe. Safari hii hawatatia msichana wa studio. Tom alikuwa amejaa furaha. Alikuwa hajaambiwa mpaka leo alichofanya, na Bi Mwanahija hakuwa na moyo wa kumwambia.

Akaenda, kwa kuwa siku zilikuwa ndefu. Wakampaka poda, wakamsimamisha mahali palipochorwa chaki. Mkurugenzi mwenyewe alikuja akaongea naye kwa upole, na Tom akatafsiri: "Kama siku ile, Madam. Sema lolote."

Taa zikawaka. Bi Mwanahija akafungua mdomo. Alimtafuta pweza wa nazi, hakumpata. Alimtafuta fundi cherehani wa Kariakoo, hata hasira yake ilikuwa imeisha. Neno lililokuwa mdomoni lilikuwa moja, lilelile, na safari hii alijua kwamba sauti hubaki.

"Moja," akasema. "Mbili. Tatu. Nne."

Akahesabu mpaka ishirini, vizuri, kama wageni wote. Walirudia mara tatu. Mara ya nne mkurugenzi akashukuru kwa adabu, akaagiza apewe chai. Tom alimshushia mkoba ngazi zote, na tangu siku hiyo hakuna mtu wa televisheni aliyemtafuta.

Asubuhi yake Bi Mwanahija aliamka mapema kama desturi, akasali, akavaa buibui, akakaa ukingoni mwa kitanda na mikono mapajani. Alikaa hivyo kitambo. Kisha akakumbuka, akainuka, akabeba mkoba wake mwenyewe, akaenda sokoni.